Kabla ya Kutafuta Wazungumzaji, Watafute Wenye Mikutano

Msichana mmoja wa Sengerema ameniandikia ujumbe mrefu, akiuliza jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza tangu ofisi yangu ianze kufahamika hapa Mwanza. Anataka kufungua uwakala wa wazungumzaji, yaani ofisi inayowatafutia watoa mada mikutano ya kuzungumza na kujilipa kamisheni kutokana na ada yao. Tayari amewapata vijana wenye vipaji, amechora nembo, amefungua kurasa mitandaoni na amewaahidi vijana wake kwamba kabla ya mwaka kwisha watakuwa wamepanda majukwaa makubwa ya Kanda ya Ziwa. "Dada, nimebakiza mtaji tu," ameandika. "Ukiniambia ni kiasi gani, nitajua pa kuanzia." Nimemjibu kwa kifupi kwamba mtaji haumo katika mambo yaliyobaki, na jibu refu ninaliandika hapa, kwa sababu ninajua wapo wengine wenye nembo nzuri na simu isiyoita.

Aliyenifungua macho katika jambo hili ni Mmarekani ambaye sikuwahi kuonana naye. Dottie Walters aliishi California hadi alipofariki mwaka 2007, na katika biashara hii anahesabiwa miongoni mwa wanawake waliotangulia. Ofisi yake, Walters International Speakers Bureau, ilikuwa Glendora, mji mdogo ulio mashariki ya Los Angeles. Akiwa hapo alipeleka watoa mada kwenye mikutano ya makampuni na vyama, akachapisha jarida la wazungumzaji, na akawa mmoja wa waasisi wa umoja wa kimataifa wa ofisi za namna hiyo. Wengi wanaomtaja huanzia kwenye ofisi na jarida. Mimi huanzia nyuma zaidi, kwenye miaka ambayo hakuwa na mzungumzaji hata mmoja wa kumpeleka popote, kwa maana naamini biashara yake ilijengwa katika miaka hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uchumi ulipodorora, duka la udobi la mumewe liliyumba, na familia ilikuwa na watoto wawili wadogo na deni la nyumba. Dottie alikwenda kwenye gazeti dogo la mji wao wa Baldwin Park kuomba kazi, akaambiwa nafasi hakuna. Ndipo alipoomba auziwe nafasi ya matangazo kwa bei ya jumla, naye aiuze kwa wenye maduka kwa bei ya rejareja, akiandika safu ya kuwaeleza wasomaji kitu gani kinapatikana duka gani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliwaweka watoto wote wawili kwenye kigari chao na kukisukuma kwa miguu duka hadi duka, katika barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu. Gurudumu moja lilikuwa na tabia ya kuchomoka, naye alilirudisha kwa kuligonga na kisigino cha kiatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vimetoboka kiasi kwamba alikata vipande vya boksi na kuvitandika ndani ili mguu usiguse chini.

Mteja aliyemtaka kuliko wote alikuwa mwenye duka la dawa, mtu aliyeongoza chama cha wafanyabiashara wa mji huo, kwa kuwa alijua kwamba huyo akinunua tangazo, wengine watanunua. Yule bwana alimkatalia kila mara. Siku moja, baada ya kukataliwa tena, alikaa ndani ya duka hilohilo kunywa soda, amevunjika moyo, na mama aliyekaa karibu naye akamuuliza kilichomsibu. Mama yule aliomba kuiona ile safu, akaisoma mwanzo hadi mwisho, kisha akainuka na kumwita mwenye duka kwa jina lake, aje hapo. Alikuwa mke wake. Dottie aliondoka na tangazo na majina ya wafanyabiashara wengine wa kuwaendea.

Habari hiyo husimuliwa sana kwenye semina kama habari ya uvumilivu, na uvumilivu umo. Lakini wapo watu wavumilivu wanaozunguka mji huu na bahasha za kaki mwaka mzima bila kuuza chochote. Ninachokiona mimi ni kwamba Dottie alikwisha kumjua mtu ambaye wengine humtazama kabla ya kutoa fedha, na alikuwa na kitu mkononi ambacho mtu angeweza kukisoma na kukihukumu bila yeye kuongeza neno. Biashara ile ya matangazo, kwa hesabu alizozitaja mwenyewe, ilikua hadi ofisi 4, wafanyakazi 285 na wateja wa mkataba 4,000. Ili kuwapata wateja hao alianza kuzungumza mbele ya vyama vya wafanyabiashara, na huko ndiko alikojulikana kama mzungumzaji. Kwa hiyo alipofungua ofisi ya kuwauza wengine, alikuwa na miaka mingi ya kuwajua watu wanaoitisha mikutano na wanaosaini malipo. Wazungumzaji walikuja baadaye, na walikuja kwa sababu wateja walikuwa kwake.

Tusisahau pia kwamba hakuingia katika uwanja uliomsubiri. Ofisi za kuuza wahadhiri zilikuwepo Marekani tangu mwaka 1868, James Redpath alipoanzisha ya kwake mjini Boston, na waliosafiri kwa mpango wa ofisi hiyo walikuwa watu wa uzito wa mwandishi Mark Twain na mpinga utumwa Frederick Douglass. Hata hivyo, karne moja baadaye, Toastmasters, chama cha mafunzo ya kuzungumza kilichoanzishwa California mwaka 1924, kilikuwa bado hakipokei wanawake. Kiliwafungulia mlango mwaka 1973. Fikiria maana yake: katika jimbo hilohilo, mwanamke aliyekuwa akilipwa kusimama mbele ya umati asingeweza kujiunga na klabu ya kujifunza kusimama mbele ya umati. Ninawaandikia haya mabinti wanaoniambia kwamba Mwanza hakuna anayemsikiliza mwanamke katika mambo ya biashara. Wapo wasiosikiliza, nami nimekutana nao. Nimeingia katika vikao ambavyo mwenyekiti alimuuliza kijana niliyefuatana naye, ambaye ni mtunza kumbukumbu wangu, kampuni inatoza kiasi gani, huku mimi nimeshika mkataba.

Kabla ya ofisi hii nilikuwa karani wa ukumbi mmoja wa mikutano upande wa Kirumba. Nilipokea maombi ya ukumbi, nikaandika malipo ya awali, nikahesabu viti, na shughuli ikianza nilikaa mlangoni kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu ya kazi. Nilikuwa na kaunta buku ambayo hakuna aliyeniagiza kuiandika. Nilichora safu ndani yake: jina la kikundi, mwezi wanaokutana, aliyesaini malipo, mtoa mada, muda aliopangiwa na muda aliotumia, na safu ya mwisho, iliyokuja kuwa mali yangu kubwa, niliandika ni watu wangapi walirudi vitini baada ya chai. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa semina katika mji huu anajua kwamba chai ndiyo mtihani. Wapo watoa mada wenye shahada na tai nzuri ambao baada ya chai walibaki na safu mbili za mbele, na yupo muuguzi mstaafu, aliyezungumza na kikundi cha wastaafu kuhusu sukari na shinikizo la damu, ambaye watu walibeba vikombe vyao wakarudi navyo ndani ili wasipitwe na maneno yake.

Nilipoacha kazi ile sikuwa na nembo. Nilikuwa na kaunta buku, na ndani yake majina ya watu niliojua wanakutana lini, wanamlipa nani na wamechoshwa na nani. Nilimwendea mwenyekiti wa wastaafu hao na kumwambia kwamba mkutano wao ujao, kwa desturi yao, umekaribia, na kwamba yule muuguzi anapatikana kwa ada hii, kwa saa moja, na atakuja na kipimo cha shinikizo la damu ili kila anayetaka apimwe baada ya mazungumzo. Hakuniuliza kampuni yangu ina umri gani. Aliniuliza tarehe.

Mzungumzaji ninayejivunia kuliko wote ni mama muuza dagaa wa pale mwaloni Kirumba, mwenye elimu ya darasa la saba na sauti ambayo haihitaji kipaza sauti. Yeye huzungumza na vikundi vya VICOBA na SACCOS kuhusu fedha, na huanza kwa kuweka makopo mawili ya maziwa juu ya meza. Kopo la kwanza, husema, ni la giza, na la pili ni la mbalamwezi. Kila mtu wa ziwani anaelewa kabla hajamaliza: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti tena, mitumbwi hulala ufukoni na fedha hukatika kwa siku kadhaa. Mama huyu huwaonyesha, noti kwa noti, jinsi mauzo ya giza yanavyopaswa kulisha siku za mbalamwezi, kisha huwageukia watumishi wenye mishahara na kuwauliza mbalamwezi yao huanza tarehe ngapi ya mwezi. Ukumbi hunyamaza, kwa maana kila mmoja anaijua tarehe yake. Nimempeleka Igombe, Nansio, Sengerema na Geita. Leo ada yake kwa taasisi ni shilingi laki tatu, na nauli ni juu ya mwenyeji.

Nimetaja ada kwa makusudi. Katika kazi hii utaambiwa mara nyingi kwamba mtoa mada akija atapata chakula na cheti cha shukrani, kwa kuwa anakuja kusema tu. Watakaokuambia hivyo wamekulia Usukumani, ambako umati huamua heshima ya mtu. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayofanyika pia kule Bujora, Kisesa, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja na watazamaji huhamia kwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, anayewavuta, na upande uliojaza watu zaidi ndio ulioshinda. Mababu zetu walijua kwamba kumshika msikilizaji asiondoke ni kazi, tena kazi inayoandaliwa kwa miezi. Hakuna sababu ya mwenye mkutano wa leo kulipia viti, turubai, chakula na gari la matangazo, kisha akatae kumlipa yule ambaye watu wote hao wamekuja kumsikia. Mwambieni hivyo kwa adabu, na kama bado hataki, mshukuruni na muondoke. Msimpeleke mtu wenu bure kwa ahadi ya kujulikana, kwa sababu atajulikana kama mtu wa bure.

Sasa niseme lililoniuma. Taasisi moja yenye ofisi katikati ya jiji ilimwita mama wa dagaa kupitia kwangu, ikafurahi, ikanilipa sehemu iliyobaki baada ya miezi mingi ya kunizungusha, na mwaka uliofuata ikampigia simu yeye moja kwa moja. Walimwahidi fedha kidogo kuliko ada yake, lakini mkononi na bila karatasi, na wakamwambia kwamba yule dada wa ofisini anakula jasho lake bure. Mama alinipigia jioni ileile. "Mwanangu," aliniambia, "hawa wananiita nipite mlango wa nyuma, nami nimewaambia mlango wangu unaufungua wewe." Hakwenda. Wao walimweka jukwaani mtu mwingine, na mimi nilibaki na maneno yale ya kula jasho la mtu. Nimeyabeba hadi leo. Ni mimi niliyempanga mama yule kwenye mikutano midogo hadi akazoea ukumbi mkubwa, ni mimi niliyeandika wasifu wake, niliyemtafutia usafiri wa kurudi usiku kutoka Geita, niliyedai ada yake kwa mhasibu aliyekuwa akinijibu kwamba bosi yupo safarini. Kama hayo si jasho, basi mwenye taasisi ile aniambie jasho ni nini.

Kwa hiyo, wadogo zangu, mkataba uwe wa pande zote, na uandikwe kabla ya mtu yeyote kupanda jukwaani. Mteja asaini kwamba mzungumzaji aliyemfahamu kupitia ofisi yenu ataitwa tena kupitia ofisi yenu, na mzungumzaji asaini vivyo hivyo. Kadi anazogawa ukumbini ziwe na namba ya ofisi. Desturi ya ofisi hizi ni kwamba mteja halipi zaidi kwa kupitia kwa wakala, kwa kuwa kamisheni hutoka ndani ya ada ya mzungumzaji, na kule Marekani mara nyingi ni kama robo ya ada au zaidi kidogo. Mimi huchukua asilimia 25, na humweleza mzungumzaji hivyo siku ya kwanza, mbele ya mtu wa nyumbani kwake akipenda. Tarehe haishikiliwi kwa maneno; hushikiliwa kwa nusu ya ada iliyolipwa, na nusu ya pili hulipwa kabla au siku ya mkutano. Anayesema kwamba watalipa baada ya kuona kama mtu anaweza kuzungumza, mkaribisheni aje kumsikiliza mahali pengine kwanza, aketi kimya nyuma, ahukumu mwenyewe.

Na tena narudia, kwa kuwa najua mtasoma habari za mikataba na kuruka hili: wateja kwanza. Keti na kalenda. Tarehe 8 Machi kila taasisi inatafuta mwanamke wa kuzungumza, na wote hukumbuka wiki ya mwisho. Wewe uwe umewaandikia Januari. Mei Mosi ina vyama vya wafanyakazi. Agosti ina Nane Nane na vikundi vya wakulima na wavuvi. Kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, kwa hiyo mahafali hujaa Septemba na Oktoba, na shule nyingi za hapa humwita mgeni rasmi ambaye watoto hawamsikii, wakati mzungumzaji mzuri angeweza kuketi pembeni ya mgeni rasmi huyo na kupewa dakika ishirini. Kuanzia tarehe 25 Novemba hadi tarehe 10 Desemba mashirika huadhimisha siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, na katikati ya siku hizo kuna Siku ya Ukimwi. Kila tukio lina kamati, na kila kamati ina mtu mmoja ambaye wenzake humtazama kabla hawajakubali. Huyo ndiye mwenye duka la dawa. Mjue jina, mjue katibu wake, jua mwaka jana walimwita nani na watu walibaki wangapi baada ya chai.

Umbali nao uhesabiwe mapema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilipofunguliwa mwaka 2025, mtu anaweza kuzungumza Geita asubuhi na kulala kwake Mwanza bila kukesha kwenye foleni ya kivuko. Nansio bado ni safari ya meli, kwa hiyo malazi ya mzungumzaji yaingie katika bei tangu mwanzo, na iwe nyumba ya wageni ambayo wewe mwenyewe ungekubali dada yako alale.

Kuhusu usajili sitasema mengi. Jina la biashara lisajiliwe BRELA, namba ya mlipakodi ichukuliwe TRA, leseni ichukuliwe halmashauri, kwa maana taasisi za maana hazilipi mtu asiye na karatasi. Zitakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, na hapo usigombane na mhasibu, bali udai cheti cha makato hayo na ukitunze. Ankara yako iwe imekwisha kuandikwa siku ya mkutano, uikabidhi mkononi kwa anayelipa, na umwombe asaini nakala yako kwamba ameipokea, kwa sababu ankara inayofika baada ya hesabu za mwezi kufungwa husubiri mwezi mwingine, na muuguzi wangu mstaafu hana mwezi mwingine wa kusubiri.